Skizofrenia, ubongo na ukali: tunajibu maswali ya Bukavu

Ndugu yangu anasikia sauti. Tumeambiwa skana, yaani mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, itaonyesha ugonjwa umekaa wapi kichwani. Tuchange pesa? (Mama, Kadutu)

Mama, hiyo pesa iwekeni kwanza kwenye dawa. Ni kweli, tangu 1976 skana zimeonyesha kwamba vyumba vya majimaji katikati ya ubongo huwa vipana zaidi kwa wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Baadaye ikaonekana pia kwamba hipokampasi na amigdala, sehemu za ndani za kumbukumbu na hisia, ni ndogo kidogo, na gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, limepungua unene mbele na pembeni. Lakini huo ni wastani wa watu wengi. Picha ya mgonjwa yaweza kutoka safi, na ya mzima ikatoka na vyumba vipana. Skizofrenia hutambuliwa kwa kuuliza na kufuatilia dalili.

Skana ina maana ikiwa ameanguka kifafa, ameumia kichwa, upande mmoja wa mwili umelegea, au ameanza kuugua akiwa mtu mzima sana. Hapo hutafutwa uvimbe, damu, au vifuko vya minyoo ya nguruwe. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo.

Kwa nini Haldol, dawa aliyopewa ya ugonjwa huu, imezima sauti, lakini bado analala mchana kutwa na haogi? (Nyawera)

Sauti zinahusishwa na sehemu ya ubongo iliyo juu ya sikio, hasa ya kushoto, inayochambua maneno. Haldol huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, na sauti hupungua. Kukosa hamu kunahusishwa zaidi na gamba la mbele, na huko Haldol haifiki mbali. Dozi kubwa hata huongeza usingizi. Msimwite mvivu. Mpeni kazi moja ndogo, saa ileile kila siku: kuchota maji, kufagia uwanja.

Mtoto wangu amempiga jirani. Ubongo wake umeumbwa kwa ukali? (Baba, Bagira)

Hapana, Baba. Watafiti wamepima amigdala na gamba lililo juu ya macho kwa wagonjwa wakali, na matokeo yanapingana. Kwa maoni yetu, kipimo cha ubongo hakikusaidii kitu hapa. Wengi wenye ugonjwa huu hawapigi mtu. Wao ndio wanaopigwa, tena barabarani mchana kweupe.

Yanayoongeza hatari unayaona nyumbani: kanyanga (pombe kali), bangi, dawa zilizoachwa, sauti zinazomwamuru, na kuamini kwamba fulani anamroga. Muulize waziwazi: «Sauti zinakuambia umfanye nani nini?» Kumuuliza hakumpi wazo. Akitaja mtu, ondoeni panga, kisu na mchi, mwonyeni aliyetajwa, na mumpeleke Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu, siku hiyo.

Akiwa amewaka, azungumze mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini. Usisimame mlangoni: akiona hana pa kutokea, atapita juu yako. Usibishane naye kuhusu sauti. Sema «naona unaogopa». Na kamba msitumie. Mikono iliyofungwa usiku mzima hukosa damu, na asubuhi mnakuwa na magonjwa mawili.

Kama anatema vidonge, ombeni sindano ya muda mrefu, ambayo hudungwa kila baada ya wiki kadhaa.

Siku ya pili ya Haldol shingo ilipinda, macho yakapanda juu. Kwenye chumba cha sala wakasema ni pepo. (Dada, Panzi)

Dada, ni misuli iliyokazwa na dawa. Hutokea zaidi siku za kwanza, na kwa vijana wa kiume. Rudini kituoni: sindano ya biperideni, dawa ya kulegeza misuli hiyo, kwa kawaida huifungua haraka, kisha daktari hupunguza dozi au kuongeza Artane, vidonge vya kazi hiyohiyo. Ulimi au koo likikaza, msingoje asubuhi, chukueni pikipiki.

Ni dawa zinazopunguza ubongo? (Ibanda)

Tofauti huonekana hata kwa wasiowahi kumeza kidonge. Dozi kubwa kwa miaka huenda zikachangia kidogo, kwa hiyo muulizeni daktari dozi ndogo kabisa inayomtosha. Asiache ghafla: wengi wanaoacha hurudi kuugua ndani ya mwaka.