Msiba uliotangulia vita

Swali lenu la wiki hii: ni albamu gani ambayo msanii wake aliacha kile kilichompa jina, na bado ikakushika? Jibu langu ninalo siku nyingi. Ni Black Aria ya Glenn Danzig, ya mwaka 1992.

Kwa asiyemfahamu, Danzig ni Mmarekani, mzaliwa wa Lodi katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1977 alianzisha Misfits, bendi ya panki (roki ya kasi na makelele), ikafuata bendi ya Samhain, kisha bendi yenye jina lake mwenyewe. Muda wote huo kilichomtambulisha ni koo lake. Sauti ni nzito, inatoka kifuani, inanguruma na kupanda ghafla, na wengi wamemfananisha na Elvis Presley na Jim Morrison, mwimbaji wa The Doors. Katika nyimbo za bendi yake, gitaa na ngoma hukaa kama watu wanaomngojea mwenye nyumba. Sasa mwaka huohuo wa 1992, bendi ilipotoa albamu yake ya tatu, ile yenye mchoro wa H. R. Giger, msanii wa Uswisi wa picha za kutisha, kwenye jalada, mtu huyohuyo akaleta vipande tisa vya muziki wa ala, wa giza, wenye sura ya klasiki. Vyote kwa pamoja havifiki hata nusu saa.

Mara ya kwanza nilikaa nikimsubiri aimbe. Kipande cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha, bado nimetega sikio. Katikati ya cha tatu nikagundua kwamba nimeshaacha kusubiri.

Sehemu kubwa ya albamu inasimulia kuanguka kwa malaika walioasi, na msimulizi ni majina ya vipande pamoja na mpangilio wake. Kwanza waasi wanatambulishwa. Halafu, kabla ya pigano lolote, kinakuja kipande kinachoitwa maombolezo ya njama. Vita ya kuigombea mbingu ni ya tatu. Tazama mpangilio huo: msiba umetangulia vita! Hakuna aliyeinua upanga bado, na tayari analiliwa. Hapo ndipo iliponikamata albamu hii, na ndiyo sababu naamini ilikuwa lazima asiimbe. Angefungua kinywa tu, tungetaka kujua anasema kwa niaba ya nani, ya mwasi au ya aliyeasiwa, na kwa sauti ile tungemfuata popote atakapo. Maneno yangekuwa yamechagua upande. Ala hazichagui. Zinakuacha na huzuni ambayo haijaambiwa imwendee nani, na sauti ya binadamu inaposikika inakuja kama kilio, haiji kama maelezo.

Najua lawama yake kubwa, nami siikatai. Fidla nyingi humo ni za kinanda cha umeme, na sikio lililozoea okestra linaligundua hilo mapema. Wapo waimbaji wa roki waliokwenda mbali zaidi: Serj Tankian wa bendi ya System of a Down alitoa simfonia mwaka 2013, iliyopigwa na okestra ya watu hai na pumzi zao. Hata hivyo, kinanda cha Danzig kinanipa kitu ambacho ukumbi mkubwa haunipi. Nasikia mtu mmoja chumbani anayejenga mbingu nzima kwa vidole vyake, kisha anaibomoa. Upweke huo unafaa hadithi hii. Na isitoshe, albamu ilifika kileleni mwa orodha ya muziki wa klasiki ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, jambo ambalo bado hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Wanaoshangaa mwimbaji kuiweka sauti yake kando wanasahau kwamba hakuwahi kuwa mchoyo nayo. Mwaka 1987 Roy Orbison, mwimbaji mkongwe wa roki, aliimba wimbo uliotungwa na Danzig katika filamu, na mwaka 1994 Johnny Cash, gwiji wa muziki wa kantri, akarekodi mwingine. Mtu anayeweza kumkabidhi Cash wimbo anajua kusikia muziki usiopita kooni mwake.

Kuelekea mwisho wa albamu Danzig anawaacha malaika na kwenda kwa Waselti, watu wa kale wa Ulaya magharibi. Kipande kimoja kina jina la mbwa wa kuzimu wa masimulizi ya Wales, na cha mwisho ni cha Morrigu, mungu wa kike wa vita wa Ireland, anayeshuka uwanjani kwa umbo la kunguru. Ilipotoka sehemu ya pili mwaka 2006 niliipokea kwa hamu na ninaiheshimu, lakini ninayoirudia ni hii ya kwanza. Huwa naisikiliza usiku, taa zimezimwa, spika za masikioni kichwani. Ikifika kwa kunguru wa Morrigu, nairudisha kwenye kile kipande cha pili, cha maombolezo.