Mheshimiwa alinila saa nzima hewani

Juzi dada mmoja anayeanza kazi redioni kanitumia meseji, eti kaka, mkubwa unamhoji vipi bila kutetemeka? Nikacheka peke yangu. Dada, umemuuliza mtu aliyetetemeka laivu.

Mwaka jana nilimpata mheshimiwa mmoja, jina naliweka kapuni. Nilikuwa na maswali kumi na mbili kwenye karatasi. Nikaanza na barabara iliyokwama, yeye akaanza na marehemu bibi yake alivyokuwa anamvusha mto kwenda shule, mi natingisha kichwa tu ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, prodyuza nyuma ya kioo ananionyesha saa kwa kidole, mpaka kipindi kinaisha niko swali la tatu. Akanigonga bega, "Umejitahidi, kijana." Hilo "umejitahidi" linaniuma mpaka leo.

Wiki hiyohiyo nikaangalia Frost/Nixon, muvi ya Ron Howard ya 2008. Nikajiona. Frost, mtangazaji Mwingereza, anamuuliza Nixon, rais wa zamani wa Marekani, kwa nini hukuzichoma zile tepu za maongezi yako ya ikulu, mzee anatiririka weee, timu ya Frost wanashika vichwa. Na ni mambo yaliyotokea kweli, 1977, miaka mitatu baada ya Nixon kujiuzulu kwa skendo ya Watergate, ile ya watu wake kuvunja ofisi za chama pinzani na yeye kuwafichia. Frost alikubali kumlipa dola 600,000, televisheni kubwa za Marekani zikamkatalia, akabaki kuhangaika kutafuta hela mwenyewe. Mi nilihatarisha nauli tu.

Kinachomwokoa kwenye muvi ni makaratasi. Mtafiti wake, Reston, anachimba mpaka anapata maongezi ya Nixon na Colson, msaidizi wake wa ikulu, Frost anamsomea mzee maneno yake mwenyewe, bibi wa kuvusha mto hana pa kuingilia hapo. Ile simu ya usiku ya Nixon kalewa ni ya kutungwa, kwa hiyo dada usikae kusubiri simu.

Soma faili. Ukimaliza, soma tena. Vijana mnapenda maiki, mnapenda picha na waheshimiwa, kusoma hamtaki! Akianza hadithi mkate kwa heshima, "samahani mheshimiwa, turudi ukurasa wa tisa," halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuchoma. Na usome faili, nimeshasema?

Mkataba wa ile barabara ninao sasa, nimekunja kona kurasa nne. Mheshimiwa nimemwalika tena. Msaidizi wake kasema yuko safarini.