Kizigeu cha Zamani Kikikataa Kupachikwa, Usianze na Ukarabati

Diski ya zamani ikiunganishwa kwenye kompyuta yenye Linux na kizigeu chake (sehemu ya diski iliyotengwa) kikakataa kupachikwa, yaani kuunganishwa na mfumo ili faili zake zifunguke, mkono hukimbilia fsck, programu ya kukagua na kukarabati mfumo wa faili (mpangilio unaoonyesha faili ziko wapi kwenye diski). Naandika makala haya kumsihi msomaji auzuie mkono huo. Miaka kadhaa iliyopita niliendesha fsck moja kwa moja juu ya diski iliyokuwa imeanza kufa, nikakubali kila lililopendekezwa, na ilipomaliza nilikuta faili zangu zimerundikwa ndani ya folda ya lost+found zikiwa na namba badala ya majina: #131074, #131075, na kuendelea. Kazi ya programu ile ni kuurudisha mfumo wa faili katika hali isiyojipinga. Kuokoa data ya mwenye diski ni jambo jingine.

Diski iliyofuata kunisumbua niliikabili kwa utaratibu. Ujumbe wa mount, amri ya kupachika, wenyewe hausaidii sana, kwa kuwa hutaja kwa mkupuo aina isiyo sahihi ya mfumo wa faili, chaguo baya na supabloku mbovu (supabloku ni rekodi kuu inayoueleza mfumo wa faili), kwa hiyo nilisoma dmesg, ambako kerneli, kiini cha Linux, hueleza kilichotokea hasa. Ilionyesha kosa la kusoma kwenye sekta ya 65. Amri ya fdisk -l ilionyesha kwamba kizigeu kilianzia sekta ya 63, kama ilivyokuwa kawaida kwa diski za zamani. Sekta mbili za baiti 512 ni baiti 1024, na hapo ndipo supabloku ya ext3 na ext4, mifumo ya faili ya Linux, inapoanzia. Kumbe eneo dogo lililoharibika lilikuwa limeficha kizigeu kizima, ilhali data yenyewe huenda ilikuwa salama.

Si kila kizigeu kinachokataa ni kibovu. Ikiwa lsblk -f inaonyesha LVM2_member, yaani kizigeu ni sehemu ya kundi la nafasi za diski linalosimamiwa na LVM, hicho hakipachikwi moja kwa moja. Washa kwanza kundi lake kwa vgchange -ay. Ikiwa inaonyesha reiserfs, mfumo wa faili wa zamani, kumbuka kwamba uwezo wa kuusoma mfumo huo uliondolewa katika kerneli ya 6.13, iliyotoka mwaka 2025, kwa hiyo washa kompyuta kwa toleo la zamani la Linux.

Diski yangu ilihitaji nakala kabla ya jambo lolote. Nilitumia programu ya kunakili diski mbovu, ddrescue -n /dev/sdb1 nakala.img ramani.log, kisha nikairudia kwa -d -r3 badala ya -n ili ijaribu tena sehemu zilizoshindikana. Ramani ile, yaani faili ya ramani.log inayoandika kilichokwisha kusomwa, ndiyo inayoiwezesha kuendelea pale ilipoishia, hivyo usiifute. Hakikisha pia kwamba mahali pa kuhifadhia pana nafasi inayozidi ukubwa wa kizigeu chote, si wa faili zilizomo tu.

Kuanzia hapo niligusa nakala peke yake. Mifumo ya ext hutunza nakala za akiba za supabloku, na penye bloku (vipande ambavyo mfumo wa faili hugawiwa) za baiti 4096 ya kwanza huwa kwenye bloku ya 32768. Penye bloku za baiti 1024 huwa kwenye 8193. Wengi hushauri kuzitafuta kwa mke2fs -n, lakini mimi siupendi ushauri huo, kwa sababu ukiisahau herufi hiyo moja utakuwa umeanza kuunda mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Afadhali dumpe2fs -o superblock=32768 -o blocksize=4096 nakala.img, ambayo husoma tu. Iliponionyesha jina la kizigeu na tarehe kilipoundwa, nilijua nimepata. Nikaendesha e2fsck -n -b 32768 -B 4096 nakala.img ili nione matatizo bila kuandika chochote, na kwa kuwa yalikuwa machache, nikaiendesha tena bila -n.

Kisha nikapachika kwa mount -o ro,loop nakala.img /mnt. Folda zilitokea na majina yake yote. Nilinakili kila kitu, nikafungua faili moja moja kutoka katika kila folda, na diski yenyewe nikaiweka kando bila kuandika juu yake hata baiti moja.