Profesa wa utumbo mpana anafanya kazi gani? Majibu kwa wasomaji

Safu iliyopita iligusia madaktari bingwa wa upasuaji wa utumbo mpana na puru (sehemu ya mwisho ya utumbo, kabla ya njia ya haja kubwa) wanaofundisha vyuoni na kufanya utafiti. Maswali yamemiminika. Haya hapa machache.

Shikamoo daktari. Nilikwenda kupimwa njia ya haja kubwa, daktari akaingia na kundi la wanafunzi bila kuniuliza. Sikuwa na haki ya kukataa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Ulikuwa nayo, na bado unayo. Ulipaswa kuombwa ruhusa kabla hujavua nguo, uelezwe nani atatazama na nani atapima, na ukikataa utibiwe vilevile. Ila ukiombwa kwa heshima, fikiria kumkubali hata mwanafunzi mmoja. Saratani nyingi za puru hufikiwa kwa kidole, na kipimo hicho hakifundishiki kitabuni. Wapo wagonjwa wanaotufikia wakiwa wametumia dawa za bawasiri kwa miezi, na hakuna aliyewahi kuvaa glavu awapime.

Profesa wetu anaingia chumba cha upasuaji siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine anaandika au yuko mikutanoni. Si bora apasue watu? Foleni ni ndefu. (Msomaji, Dodoma)

Foleni ni ndefu kweli, na mikutano mingine ni posho tu, sibishi. Lakini sikiliza habari ya Bill Heald.

Zamani, katika kuondoa saratani ya puru, daktari aliingiza mkono ndani ya nyonga na kuubandua utumbo kwa vidole, bila kuona anachokigusa. Kwa wagonjwa wengi saratani ilirudi palepale, na maumivu yake hayaelezeki. Heald, aliyekuwa daktari katika hospitali ya wilaya mjini Basingstoke, Uingereza, alieleza mwaka 1982 kwamba chembe za saratani huweza kubaki kwenye mafuta yanayozunguka puru. Mafuta hayo yana utando wake. Ukipita nje ya utando huo kwa mkasi huku unaona, yote hutoka pamoja na puru bila kuchanika. Phil Quirke, mpatholojia (daktari anayechunguza maabara nyama iliyotolewa mwilini), na wenzake wa Leeds, Uingereza, wakaikata nyama iliyotolewa vipande vyembamba, na mwaka 1986 wakaonyesha kuwa saratani ikifika kwenye ukingo wa pembeni wa nyama hiyo, hatari ya kurudi ni kubwa. Siku hizi, panapofuatwa utaratibu huo, nyama hupigwa picha kwenye trei, hupakwa wino, ndipo ikakatwa. Mafuta yakikutwa na shimo, aliyepasua hana pa kujificha.

Sasa upande wa kufundisha. Miaka ya 1990 madaktari wa Stockholm waliandaliwa warsha, Heald akipasua huku wao wakitazama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: ndani ya miaka 2 saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 6 ya wagonjwa, wakati katika majaribio mawili ya awali ya huko huko ilikuwa asilimia 15 na 14. Waliofanyiwa upasuaji unaomwachia mtu mfuko wa kinyesi maisha yake yote walishuka kutoka asilimia 60 na 55 hadi 27. Hakuna dawa mpya iliyoletwa. Madaktari walifundishwa kupasua, basi.

Kwa hiyo kuhusu zile siku nyingine za profesa wenu mimi ningeuliza swali moja: wanaofundishwa naye wanahesabu matokeo yao? Kama hawahesabu, lalamika.

Ni kweli anayekula dona na mboga za majani hapati saratani ya utumbo? (Msomaji, Mbeya)

Aliyeieneza hoja hiyo ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, yuleyule ambaye saratani ya taya ya watoto imepewa jina lake. Aliziandikia hospitali za misheni barani Afrika akiuliza wanaona magonjwa gani, akakuta saratani ya utumbo mpana ni nadra. Yeye na wenzake walipima hata uzito wa choo. Nyuzinyuzi husaidia, lakini si kinga kamili. Kula dona lako, na ukiona damu chooni nenda kapimwe.

Kaka yangu amemaliza mionzi na dawa, uvimbe wa puru hauonekani tena. Kwa nini bado wanataka kumpasua? (Msomaji, Mombasa)

Swali zuri. Mwaka 2004 Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazili, alitoa taarifa ya wagonjwa 265, ambapo 71 uvimbe ulitoweka kabisa na hawakupasuliwa, wakafuatiliwa tu. Alipingwa sana, leo njia hiyo inakubalika kwa wagonjwa wanaochaguliwa. Lakini kufuatiliwa ni kidole, kamera na picha za MRI kila baada ya miezi michache, kwa miaka. Kama kaka anaishi mbali na vifaa hivyo, huenda upasuaji ndio salama zaidi. Aulize nani atamfuatilia, na wapi.

Binti yangu yuko mwaka wa tatu wa udaktari, anataka njia hii. Mwanamke ataiweza? (Mama, Arusha)

Habr-Gama alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa mafunzo ya upasuaji katika hospitali ya chuo kikuu chake. Binti ana miaka 2 ya chuo, mwaka 1 wa utarajali, kisha, akipitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho makao yake yako hapo hapo Arusha, miaka 5 ya upasuaji, na ubobezi juu yake. Asikimbilie utafiti mkubwa. Aombe kibali cha kamati ya maadili, achukue rejesta ya upasuaji ya mwaka mmoja, ahesabu wangapi walifika utumbo umeshaziba na walisubiri siku ngapi. Huenda hata profesa wake hana namba hizo.