Maswali ya Wasomaji: Mvua Inayochagua Mashamba

Swali: Mhariri, nalima mpunga na mboga Ahero. Masika haya, redio hutangaza mvua kaunti nzima, lakini alasiri jirani yangu ng'ambo ya barabara hunyeshewa vizuri huku kwangu kukibaki kukavu. Kwa nini iwe hivyo, na nitajuaje kiasi kinachoangukia shamba langu?

Jibu: Ndugu msomaji, utabiri wa redioni huzungumzia eneo pana, ilhali mvua ya ngurumo huku kwetu hutoka kwenye wingu moja moja, ambalo upana wake huenda usizidi kilomita chache. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Victoria, upepo wenye unyevu ukavuma kutoka ziwani. Ukifika kwenye miinuko ya Nandi na Kericho na kukutana na upepo wa mashariki, hewa hupanda, hupoa na kuzaa mawingu marefu. Usiku upepo hugeuka kuelekea ziwani, na wavuvi wanazijua dhoruba za kabla ya alfajiri.

Ili kupima, tafuta mkebe wenye pande zilizosimama wima na kitako bapa, uuweke mahali peupe, umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha mti au nyumba iliyo karibu, mdomo wake ukiwa kiasi cha sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Ingiza rula ambayo sifuri yake inaanzia ukingoni kabisa. Kina cha milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji kwa kila mita mraba ya shamba. Soma kila siku saa tatu asubuhi, kisha umwage maji. Siku isiyo na mvua andika sifuri, kwani daftari lenye mapengo halionyeshi kama kulikuwa kukavu au hukupima. Ngurumo zikisikika, tafadhali usitoke kwenda kusoma.

Kwa mkulima wa uwanda wa Kano, uliko Ahero kwako, hata hivyo, mkebe mmoja hautoshi, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mto Nyando hujazwa na mvua ya nyanda za juu, kwa hiyo unaweza kufurika ilhali mkebe wako ni mkavu. Mwombe ndugu au rafiki aliye upande wa Nandi apime kwa njia hiyo hiyo na akupigie simu mara tu mvua kubwa inaponyesha huko, upate kuhamisha mifugo na mbegu kabla maji hayajashuka.