"Presently" ni sasa au ni punde?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni karani katika ofisi moja hapa mjini. Juzi nilimwandikia mteja barua ya Kiingereza nikasema, "Your file is presently under review", nikiwa na maana kwamba faili lake linakaguliwa wakati huu. Mkubwa wangu alilikata neno "presently" kwa kalamu nyekundu, akaandika "currently" juu yake, akaniambia kwamba neno langu maana yake ni "baada ya muda mfupi" wala si "sasa". Nilipokuwa shuleni Kakamega nilifundishwa kwamba ni "sasa", na magazetini nalikuta hivyo mara nyingi. Ni nani kati yetu aliyekosea? Tena, kwenye dirisha letu la huduma kuna tangazo lisemalo "Service will resume presently", nami nimeombwa kulitafsiri. Niandikeje?

JIBU: Dada karani, maana uliyoitumia ipo, na aliyokutajia mkubwa wako ipo pia. Alipokosea ni kudhani kwamba neno hilo lina maana moja tu.

"Presently" limetokana na "present", yaani kilichopo, na maana ya "sasa" ndiyo ya zamani zaidi, kwani ilikuwa ikitumika tangu karne ya 15. Pamoja nayo palikuwa na maana nyingine iliyo kali, "papo hapo". Ukifungua Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, kwenye Mathayo 21:19 utauona ule mtini uliolaaniwa ukinyauka "presently", na wala haikukusudiwa kwamba ulichelewa kidogo, maana Biblia yetu ya Kiswahili mahali hapo inasema ulinyauka "mara". Baadaye watu waliendelea kuahidi papo hapo na kutekeleza walipopata nafasi, hata neno likalegea likawa "punde". "Soon" lilikwisha kupita njia hiyo hiyo mapema zaidi, kwa sababu katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya "mara moja", na "anon", ambalo siku hizi husomwa tu katika tamthilia za kale, lilianza hivyo na likaishia hivyo. Katika maandishi ya England maana ya "sasa" ilififia, ilhali Uskoti na Marekani iliendelea kuishi bila kukatika. Walimu waliofuata Kiingereza cha England ndio walioeneza fununu kwamba maana hiyo ni kosa, na nadhani mkubwa wako alipitia mikononi mwao.

Tusiwacheke Waingereza, lakini. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja wa cherehani pale Kibuye kitambaa cha suruali. Siku ya ahadi nilipofika aliniambia bila kupepesa jicho, "Hiyo nashona sasa hivi, mwalimu", nami kitambaa nilikuwa nakiona chini ya meza, kimekunjwa vile vile nilivyokikunja mwenyewe, na karatasi ya vipimo bado imechomekwa pini. "Sasa hivi" yake ilikuwa Alhamisi.

Kinachokuchanganya katika "presently" unakijua tayari katika Kiswahili, ila hujakitazama kwa jicho hilo. Chukua "hivi karibuni". Mtu akisema "aliteuliwa hivi karibuni", jambo limekwisha. Akisema "atateuliwa hivi karibuni", bado halijawa. Maneno ni yale yale, na kinachoamua ni kitenzi, kwa "li" yake au "ta" yake, wala hakuna msomaji anayekwama. "Presently" nalo usilisome peke yake, bali likamate pamoja na kitenzi chake. Katika "She is presently living in Kisumu" kitenzi ni cha wakati uliopo, kwa hiyo anaishi Kisumu sasa. Katika "She will be here presently" kitenzi ni cha wakati ujao, kwa hiyo atafika punde. Katika masimulizi ya wakati uliopita, kama "Presently the door opened", maana yake ni kwamba baada ya kitambo kidogo mlango ulifunguka. Sentensi yako ilikuwa na "is", na mteja wa kawaida angeielewa.

Hatari iko pale ambapo kitenzi chenyewe hakijasimama upande mmoja. "The officer is coming presently" inaweza kumaanisha kwamba afisa yuko njiani, na inaweza kumaanisha kwamba atakuja baadaye, kama vile sisi tunavyosema "kesho nasafiri" kwa kitenzi cha leo. Hapo mteja atakaa kwenye benchi bila kujua kama asubiri au aende akale kwanza. Binamu yake "momentarily" ni mbaya zaidi: kwa Mwingereza ni "kwa muda mfupi tu", kwa Mmarekani aghalabu ni "baada ya muda mfupi", na rubani anayetangaza kwamba ndege itatua "momentarily" huwaacha baadhi ya abiria wakijiuliza kama watapewa nafasi ya kushuka.

Kwa hiyo katika barua za ofisi, pa "sasa" weka "now", "at present" au hilo hilo "currently" la mkubwa wako, na pa "punde" weka "soon" au "shortly". "Shortly" hufaa zaidi katika barua rasmi, nalo huahidi muda ulio mfupi kidogo kuliko "soon", ingawa nimekwisha kusema ahadi hizi huelekea wapi.

Hata hivyo, kama kalamu nyekundu ingekuwa yangu, ningelikata neno lako na nisiandike kitu juu yake. "Your file is under review" imetimia, kwa sababu "is" imekwisha kusema "sasa", kama vile "na" ya "faili lako linakaguliwa" inavyosema bila msaada. "Currently" hapo limepewa kiti lakini halina kazi.

Kuhusu tangazo la dirishani, kitenzi ni cha wakati ujao, basi maana ni moja: "Huduma itarejea punde". Usiandike "hivi punde", kwa kuwa nalo hutazama pande mbili; habari za hivi punde ni zile zilizokwisha kutokea. "Huduma itaendelea baada ya muda mfupi" pia ni sahihi. Lakini kama wenzako hurudi kutoka chakula cha mchana saa nane, andika "saa nane", kisha ulibandue na lile la Kiingereza, uandike "at 2 p.m.".