Kwa nini barabara inasimama ilhali mkandarasi yupo

Umeuliza kwa nini kazi imesimama ilhali mkandarasi na mitambo vipo. Mara nyingi chanzo ni upande wa serikali, kwenye hati za malipo. Chini ya Kitabu Chekundu cha 1999, yaani mkataba wa mfano wa ujenzi wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), mhandisi msimamizi ana siku 28 za kutoa hati inayothibitisha kiasi cha kulipwa tangu apokee madai ya malipo ya mkandarasi, na mwajiri (mwenye mradi, hapa serikali) anatakiwa kulipa ndani ya siku 56 zinazohesabiwa tangu siku ileile. Wengi huanza kuhesabu hati inapofika wizarani, na hapo huenda nusu ya muda imeshakwisha! Siku 56 zikipita bila malipo, riba inakimbia, na mkandarasi akitoa notisi ya siku 21 ana haki ya kupunguza kasi au kusimamisha kazi kabisa.

Kwa hiyo meneja wa mradi awe na daftari moja: madai yalipokelewa lini, hati iko mezani kwa nani, zimebaki siku ngapi. Alipitie kila wiki na mhasibu. Na tafadhali, fidia za wenye ardhi zilipwe na nguzo za umeme na mabomba yahamishwe kabla ya kusaini mkataba. Kuchelewa kukabidhi eneo kunampa mkandarasi haki ya kudai muda, gharama na faida juu yake.